Kiinua Mgongo

Siku ya kwanza watoto wa Isevya walijipanga ukutani
wamwone Baba akiwasha.
Gari lilikuwa limechuchumaa, kama mtu anayefunga kamba za viatu;
likavuta pumzi, likanyanyuka,
nyuma kwanza, halafu mbele,
na mtoto wa mama Kalunde akasema: limeamka.

Baba hakusema kitu. Alirekebisha kioo
ambacho hakikuhitaji kurekebishwa.

Miaka thelathini na moja alifunga mabehewa stesheni,
ameinama katikati ya chuma na chuma,
na walipomwambia basi, mzee Kashindye, inatosha,
wakampa zile fedha ambazo Kiswahili chetu,
kwa huruma au kwa kejeli,
kinaziita kiinua mgongo.
Akazinunulia mgongo wa hewa.

Mwezi wa saba tangu lifike nilianza kulipima kwa vidole,
kati ya tairi na madigadi.
Vinne, alfajiri.
Vitatu, tuliporudi Sikonge kumzika shangazi.
Mwezi wa tisa, kushoto nyuma: kimoja,
tena kile cha mwisho, kwa kukilazimisha.
Likalala upande kama kuku aliyefungwa mguu
akisubiri mnunuzi.

Muuzaji wa Dar, simuni, sauti imepakwa mafuta:
"Mzee wangu, kifaa hicho ni cha miaka kumi."
"Kumi ya kwenu," akauliza Baba, "au kumi ya huku?"
Simu ikakatika.
Au ikakatwa.

Fundi Lugwisha akaingia uvunguni na kopo la maji ya sabuni
na brashi ya viatu.
Akapaka. Tukangoja.
Povu likachemka polepole kwenye mkunjo wa raba,
mapovu madogo yenye rangi za upinde wa mvua,
na wadogo zangu wakashangilia,
hawajui wanatazama fedha zikitoka.
"Oneni," akasema kutoka chini, "imepasuka kama kisigino cha kiangazi.
Si kosa lenu. Raba hii ilizeeka kabla haijapanda meli.
Vumbi letu limemalizia tu."

Na kompresa?
"Imeungua. Usiku kucha ilikuwa inajaza kinachovuja."

Mama, mlangoni, alicheka kicheko kifupi
ambacho hakikuwa cha gari.

Bei ya mfuko mmoja wa hewa: ng'ombe wawili na ndama.
Na mifuko ni minne.
Lugwisha akachomoa kalamu sikioni,
akaandika kwenye boksi la balbu:
springi za chuma, za pikapu iliyopinduka Igalula,
jozi mbili, na ufundi, mtalipa kidogo kidogo.
Baba alilitazama lile boksi
muda mrefu kuliko alivyoitazama barua ya kustaafu.
"Chuma," akasema. "Nilidhani nimeachana nacho.
Haya. Funga."

Sasa halilali tena.
Linakesha wima uani, kiburi cha kuazima,
na kwenye njia ya Ipuli linatuhesabia kila kokoto
pingili kwa pingili.
Mama hupakata ndoo ya asali kwa mikono miwili:
"Taratibu, Kashindye, hatujabeba viazi."
Taa ya njano kwenye dashibodi haijazimika,
bado inalalamikia hewa;
Baba ameibandika plasta ya kidonda,
nayo inang'aa kwa ndani, kama jicho lililofumbwa kwa hila.

Lakini kila asubuhi akishawasha
haondoki papo hapo.
Anaweka mikono yote kwenye usukani,
ananyoosha mgongo,
anasubiri.
Nami siti ya nyuma, kikapu magotini, sisemi,
nasubiri naye kile kimo
tulichokuwa tukipandishwa bila kuomba.

Kisha anaingiza gia.